Jinsi ya Kutoa Bolti Iliyoganda au Kukatika Kwenye Injini

Bolti nyingi za injini hukatika kwa sababu fundi ameongeza nguvu wakati ambapo kutu bado haijaachia. Ukiona spana inasogea, kisha inarudi ilikotoka mara tu unapolegeza mkono, ujue kwamba chuma kinajinyonga na kinakaribia kukatika. Acha hapo hapo.

Safisha kutu kuzunguka kichwa kwa brashi ya waya, mwagia mafuta ya kupenya, na uyape muda wa saa kadhaa, au usiku mzima ikiwezekana. Tumia soketi ya pembe sita, kwa kuwa ile ya pembe kumi na mbili hula kingo za kichwa kwa urahisi. Gonga kichwa kwa nyundo mara kadhaa ili kutu iliyo kwenye nyuzi (mifuo inayozunguka bolti) ipasuke, kisha jaribu kukaza kidogo sana kabla ya kufungua. Ikianza kusogea, usiifungue kwa mkupuo: ifungue robo mzunguko, irudishe, ongeza mafuta, endelea hivyo hivyo hadi itoke.

Ikikataa, tumia joto. Alumini hutanuka karibu maradufu ya chuma, hivyo ukipasha silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) ya alumini kuzunguka bolti ya chuma, tundu hupanuka kuliko bolti. Hata hivyo, alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi au chini ya hapo bila kuwa nyekundu kwanza, kwa hiyo usisubiri rangi ikuonye. Ondoa mafuta na petroli iliyo karibu, na kamwe usipashe moto wala kuchomelea mahali palipopuliziwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini, kwani joto huigeuza kuwa gesi ya fosijini, ambayo ni sumu kali.

Bolti ikikatika, njia ninayoiamini kuliko zote ni kuchomelea nati juu ya kisiki, yaani kipande cha bolti kilichobaki, baada ya kutenganisha betri. Joto la kuchomelea hupenya moja kwa moja ndani ya bolti na kuivunja kutu. Acha ipoe kiasi, kisha zungusha nati mbele na nyuma taratibu.

Pasipowezekana kuchomelea, sawazisha kisiki kwa tupa, weka alama katikati kabisa kwa panchi, na utoboe kwa biti ya milimita 3, kwa mwendo wa polepole na mafuta. Biti zinazokata kwa kuzunguka kushoto zafaa zaidi, kwani mara nyingine huitoa bolti zenyewe. Kifaa cha kung'olea kinachoingizwa tunduni nakiacha kiwe cha mwisho: nguvu iliyoikata bolti ni kubwa kuliko ile ambayo kifaa hicho chembamba kinaweza kuhimili, na kikivunjikia ndani, ugumu wake hushinda biti za kawaida. Ni heri kuipanua tundu hatua kwa hatua hadi ibaki ganda la nyuzi tu, ambalo hung'olewa kwa kitu chenye ncha, kisha nyuzi za tundu husafishwa kwa tepu (kifaa cha kukatia nyuzi).

Ziba njia za mafuta na maji kabla ya kutoboa, na baadaye upulize vumbi la chuma. Kausha kabisa tundu lisilotokea upande wa pili, kwa sababu mafuta yaliyonaswa chini ya bolti mpya yanapokandamizwa yanaweza kupasua bloku, yaani mwili wa injini.