Kutengeneza vijijini kwenye Cities: Skylines pafanane na vijijini kweli, mfano wa Kilimanjaro

Wakuu, kwenye Cities: Skylines, gemu ya kompyuta ya kujenga miji, ramani nyingi za watu ukizifungua mji unakuta umekaa poa, flaiova zipo, stesheni ipo, afu ukitoka tu nje ya mji kuna nyasi tupu na nyumba kumi na mbili zimepangwa mstari, mwenye ramani anakwambia hapo ndo kijijini. Sababu ni kwamba gemu yenyewe inafikiria kimjini, we unachora barabara, pembeni inatokea gridi, unapaka zoni (eneo la makazi au biashara), nyumba zinaota. Kijijini watu walitangulia, wakafuata maji na udongo, mtu akajenga pale kwa sababu shamba liko pale, barabara ya gari imekuja baadae sana na imepita ilipoweza. Kwa hiyo inabidi ugeuze utaratibu wa kazi: ardhi kwanza, mito, barabara chache, miti na mashamba, nyumba ndo unazichomeka humo.

Mfano wangu ni upande wa kusini wa Kilimanjaro, kutoka Moshi mjini kupanda Kibosho, Old Moshi, Kilema mpaka msituni. Uzuri wake unaingia kwenye gemu karibu kama ulivyo. Ramani nzima (naongelea ile Cities: Skylines ya kwanza ya 2015, ya pili ina vipimo vyake) ni vigae 81, kila kimoja kilometa 1.92 kwa 1.92, kwa hiyo kila upande ni kilometa 17.28. Kimo cha juu kabisa gemu inachokubali ni mita 1,024. Moshi mjini iko mita 800 na kitu, msitu unaanza kwenye mita 1,700 mpaka 1,900 hivi kutegemea na sehemu, yaani ukitoa mita 750 kwenye vimo vyote sehemu kubwa ya mteremko wa watu wanakoishi inakaa ndani. Kilele cha mita 5,895 achana nacho kabisa, ukikibana kiingie utapata kichuguu chenye barafu.

Ramani ya miinuko ni picha ya kijivu ya biti 16, pikseli 1,081 kwa 1,081, unaiingiza kupitia Map Editor, ile sehemu ya gemu ya kutengenezea ramani. Kila pikseli ni mita 16 na hapo ndo pa kuwa makini, maana makorongo ya Kilimanjaro ni membamba na marefu kwenda chini, na kwenye data za setelaiti yanakuja yamefutika futika, unaona kibonde tu. Rudi uyachimbe kwa mkono. Fuata mto mmoja mmoja, Weruweru, Karanga, Rau, zote zinashuka kuelekea kusini, chimba kina cha kutosha na kingo ziwe kali, ila usiende chini ya upana wa pikseli tatu, yaani kama mita 48, maana maji ya gemu yakiwa kwenye mfereji mwembamba wenye mteremko yanaanza kurukaruka na kumwagikia barabarani. Chanzo cha maji weka kidogo kule juu, acha gemu itembee muda maji yashuke yatulie ndo uongeze kama hayatoshi. Ukishamaliza utaona kitu ambacho hukukipanga, ardhi imejigawa yenyewe kuwa migongo mirefu iliyosimama sambamba na kati yake makorongo, na mgongo mmoja ndo maisha ya watu wa pale.

Barabara sasa. Chini kabisa pitisha barabara kuu ya lami ya mashariki magharibi, hii ya kutoka Arusha kupitia Moshi kwenda Himo. Kutoka hapo kila mgongo upe barabara moja tu ya kupanda, inakaa juu ya mgongo, kona kona. Washa ile mistari ya kontua (inayoonyesha miinuko) kwenye menyu ya barabara, tumia kifaa cha kuchora huru na chora vipande vifupi vifupi, ukivuta kipande kirefu gemu inasawazisha ardhi chini yake na unapata tuta baya linaloonekana toka mbali. Lami iishie katikati, juu iendelee changarawe. Na hapa ndo wengi wanaharibu: wanaona migongo miwili imekaribiana wanaweka daraja. Usiweke. Kwenye hali halisi majirani wanaitana wakasikiana ng'ambo ya korongo, lakini mwenye gari mara nyingi anashuka mpaka barabara kuu afu anapanda tena mgongo wa pili. Daraja weka moja au mawili ramani nzima, kwingine tumia njia za miguu za changarawe zinazoshuka mpaka mtoni na kupanda, zinapendeza sana ukizoom na watu wa gemu wanazitumia kweli.

Ukiamua hivyo ujue kuna gharama yake, gari la taka na ambulensi kutoka mgongo mwingine litazunguka ramani nzima, nyumba zitaanza kulalamika maiti haijachukuliwa. Kwa hiyo kila mgongo ujitegemee: zahanati yake, shule ya msingi yake (ile ndogo ya gemu inabeba wanafunzi 300, kwa kijiji inatosha), na makaburi. Makaburi ni kichekesho kidogo maana Wachaga wanazika kihambani (shamba la nyumbani), pembeni ya nyumba, ila gemu haielewi hilo, inataka eneo la makaburi. Mimi nayaweka nyuma ya kanisa nayafunika na miti, afu kwenye vihamba vichache natupia msalaba mmoja au miwili kama mapambo.

Kanisa usilifanye dogo. Misheni ya Kilema ipo tangu 1890, makanisa ya huko ni majengo makubwa ya kikweli, yako sehemu iliyoinuka na yana eneo kubwa, shule na zahanati zimekaa jirani. Tafuta aseti (jengo la kupakua) ya kanisa la mawe la kizamani, la Ulaya linafaa kabisa kwa sababu waliojenga ndo walitoka huko. Pembeni ya barabara hiyo hiyo weka ghala la chama cha msingi cha kahawa, jengo refu, bati limechoka, uwanja wa vumbi mbele wa kugeuzia lori. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha kahawa cha huko, ipo tangu 1933 kwa hiyo ghala lionekane la zamani kuliko maduka yanayolizunguka. Mashine ya kumenya kahawa yenyewe iko karibu na maji, sio barabarani, kwa sababu kahawa inamenywa na kuoshwa.

Tuje kwenye kihamba, hapa tumia muda wako mwingi kuliko kwingine kote. Kihamba ni shamba na makazi humo humo, eka moja, mbili, na vingine vimegawanywa mpaka vimebaki nusu eka. Juu kabisa kuna miti mirefu ya kivuli, mringaringa, mruka, grevilea. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage. Ukiangalia toka juu huoni kijiji, unaona kitu kama msitu na vipande vya bati vinameta humo ndani. Kwa hiyo ukiona nyumba zote zinaonekana vizuri kwenye skrini ujue miti bado.

Kiufundi ni hivi. Barabara ndogo za changarawe zitoke kwenye ile ya mgongo, fupi, ziishie bila kuungana na kitu. Zoni ya makazi ya msongamano mdogo paka kwa brashi ndogo, viwanja vya 2 kwa 2, acha nafasi kubwa afu paka kingine, usijaze ukingo wote. Nyumba ikiota ndogo na nzuri ibofye uweke tiki ya jengo la kihistoria, hiyo ilikuja na apudeti ya bure ya 2018, inazuia nyumba isibadilike sura ikipanda leveli, la sivyo wiki mbili za gemu zikipita una vila zenye bwawa. Kama unataka nyumba mbali na barabara kabisa, zile zilizoota kwenye zoni ukizihamisha na Move It (ni modi, yaani nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji) nje ya zoni yake gemu inaweza kuzifuta, afadhali kutumia modi ya Ploppable RICO Revisited uziweke unapotaka na kuzizungusha, moja iangalie mashariki nyingine kusini, mlango usielekee barabarani. Nyuma ya nyumba weka banda dogo, ng'ombe wa huko wanafugwa ndani na majani wanaletewa. Mpaka wa kihamba ni masale, ule mmea wa majani marefu wanaopanda kwenye mipaka na makaburini, hutaupata kwa jina hilo kwenye Workshop ya Steam, wanakopakua modi na aseti, lakini andika dracaena au yucca utapata kinachofanana, panda mstari uliopinda pinda.

Mifereji ya asili ya kumwagilia usijaribu kuitengeneza kwa maji ya gemu, mfereji wenyewe una upana wa hatua moja na maji ya gemu yanahesabiwa kwa mita 16, haiwezekani. Chora njia nyembamba ya miguu ikate mteremko ikishuka taratibu sana, pembeni weka mawe na nyasi ndefu, kwa mbali macho yanakubali.

Miti ndo itakumaliza. Gemu bila modi inaruhusu miti 250,000 na kitu. Kigae kimoja ni kama hekta 368, ukipanda miti 200 kwa hekta, na hiyo kwa kihamba ni michache, unatumia zaidi ya 73,000, maana yake vigae vitatu na kidogo umemaliza. Modi za kuongeza idadi zipo ila RAM nayo inahusika, kwa laptop ya GB 8 usithubutu. Ninavyofanya mimi nachagua mgongo mmoja au miwili ndo ijae kabisa, nyingine naweka miti yenye majani mapana michache inayofunika eneo kubwa. Modi ya Forest Brush inakuwezesha kutengeneza mchanganyiko wako, weka migomba iwe zaidi ya nusu, afu pita mara ya pili na miti mirefu pekee kwa msongamano mdogo, usichanganye vyote mara moja maana inatoka supu. Rangi ya ardhi nayo badilisha iwe nyekundu ya kahawia, ule udongo wa volkano, kijani cha kawaida cha gemu ni cha Ulaya.

Senta inakaa kwenye njia panda, basi. Fremu za maduka zimebanana pande mbili, kilabu cha mbege (pombe ya ndizi), mashine ya kusaga, bucha, kijiwe cha boda, uwanja wa Hiace na Noah za kushuka mjini. Zoni ya biashara ndogo, hapa sasa banana kweli kweli, na pembeni acha uwanja mtupu wa soko, maana soko kubwa ni siku maalumu, siku nyingine panabaki uwazi na meza za mbao.

Afu kuna kitu watu wanakisahau kabisa, nyumba za Desemba. Kila baada ya vihamba kadhaa weka jumba la ghorofa, geti kubwa, ukuta, limekaa katikati ya migomba na jirani yake ni nyumba ya vyumba viwili. Mwenyewe yuko Dar au nje, linafunguliwa Krismasi. Mwezi huo barabara ya mgongo inajaa gari kuliko mjini, kama unapiga picha za ramani yako weka foleni kidogo, wenyeji watakuelewa.

Juu ya vihamba usiunganishe msitu moja kwa moja. Kuna ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na mbao, kwa hiyo panda hapo miti ya kupandwa, kwa mistari, vipande vingine vimekatwa vina mahindi katikati ya miche. Halafu ndo msitu wa asili unaanza mnene. Huo mstari ukiuweka vizuri ramani inabadilika sura yote.

Kule chini tambarare fanya kinyume cha kila nilichosema. Miti michache, mashamba ya mahindi na maharage ya watu wa juu wanaoshuka kulima, kisha mpunga wa Lower Moshi, mradi wa miaka ya 1980 uliojengwa kwa msaada wa Japani, vipande vya mstatili vimenyooka na mifereji ya zege. Miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini kiuhalisia iko kusini zaidi na haiingii kwenye hizo kilometa 17, mimi naivuta tu iingie pembeni kwa sababu gridi yake ya barabara za miwa inapendeza ukiilinganisha na mlimani. Reli nayo ipite huku chini, ilifika Moshi toka Tanga mwaka 1911 na wala haikupanda mlima. Kama una DLC (nyongeza ya kulipia) ya Industries tumia mashamba yake huku tambarare pekee, ukiyapeleka mlimani kwenye mteremko yanasawazisha ardhi na kazi yote ya migongo imeharibika.

Kama kwenu ni Dodoma au Singida usichukue hii kama ilivyo. Huko Operesheni Vijiji ya 1973 mpaka 1976 iliwahamisha watu na kuwapanga, kwa hiyo vijiji vingi nyumba zimefuata mstari kandokando ya barabara, mashamba yako mbali, na ile gridi ya gemu niliyoisema vibaya mwanzoni inakufaa kabisa.