Mbona ukivuka Mto Ng'ombe kodi inaporomoka? Jinsi ya kujionea mwenyewe

Mimi ni dalali wa vyumba Dar es Salaam: Sinza, Manzese, Tandale. Wateja huniuliza kwa nini chumba cha Sinza ni ghali hivi na cha Tandale, jirani kabisa, ng'ambo ya Mto Ng'ombe, ni cha bei ya kutupa. Wengine hujijibu wenyewe: "Watu wa kule hawajitumi." Basi tenga nusu siku utembee. Vaa viatu usivyovionea huruma na ubebe dumu tupu.

Anzia Sinza. Achana na maghorofa, hayo ya juzi tu. Tazama barabara za ndani. Zimenyooka, gari la taka linaingia, la kunyonya vyoo linaingia. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja hapa na Kijitonyama, ikachonga barabara na kulaza mabomba kwanza, nyumba zikafuata.

Sasa teremka Tandale kwa Mtogole. Ingia uchochoroni unyooshe mikono: viganja vyote viwili vikigusa ukuta, umefika. Hapa watu waliuziana mashamba vipande vipande mbele ya mashahidi, kila mtu akajenga alipopata. Jiulize, choo kikijaa gari litapita wapi? Ndiyo maana masika yakianza wapo wanaosubiri mvua kubwa ya usiku, wanatoboa shimo, uchafu wote unakwenda na maji. Wenyewe wanaita kutapisha. Asubuhi anayezoa ni jirani wa bondeni. Mpangaji mwenye kipato akiyaona hayo mara moja tu, anafunga virago. Mwenye nyumba anashusha kodi apate mwingine, kisha anakosa hela ya ukarabati, nyumba inachakaa, anashusha tena. Nimeona nyumba zikishuka hivyo, na wenyewe ni watu wanaoamka saa kumi alfajiri.

Dumu lina kazi yake. Muulize muuza maji wa mkokoteni bei ya lita 20, zidisha mara 50: hiyo ni bei ya uniti moja ya bili ya maji, yaani lita 1,000. Halafu muombe mtu mwenye bomba ndani akuonyeshe bili yake, ulinganishe. Mimi siku ya kwanza nilidhani nimekosea hesabu.

Karibu na mto, kagua kuta. Mstari wa tope ukiwa usawa wa goti, hata wapake rangi utauona tu. Hapa niliwahi kuumbuka. Nilimpeleka kijana kwenye chumba kizuri mwezi wa nane, kikavu kabisa. Mwezi wa nne akanipigia saa tisa usiku, godoro linaelea. Udalali wangu nilimrudishia. Kodi aliyokwishalipa mbele haikurudi. Tangu siku hiyo chumba cha bondeni nakiona kwanza wakati wa mvua.

Kisha muulize mwenye nyumba ana karatasi gani ya kiwanja. Mwenye hati anaipeleka benki, anakopa, anapandisha ghorofa. Mwenye leseni ya makazi, kibali cha muda cha kukaa eneo lisilopimwa, anaweza kujaribu, ila ina muda wake. Mwenye karatasi ya mauziano peke yake anategemea vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, na kwa vikoba unabadilisha bati, hujengi upya.

Ukipata nauli, siku nyingine fika Mnazi Mmoja. Mkoloni aliupanga mji kwa kanda: Uzunguni viwanja vipana kuelekea baharini, Uhindini maduka, Uswahilini kule Kariakoo, na uwanja ule wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ya Uhindini na Kariakoo. Toka pale uende Oysterbay, upande wa Uzunguni, uangalie upana wa viwanja, utaelewa haraka kuliko nikikueleza.

Jioni rudi Tandale, kaa kwenye benchi la kahawa. Usiwaulize wazee kwa nini pamekuwa hivi, watakupa siasa mpaka isha. Waulize bomba lilifika mwaka gani, na mtaa wa ng'ambo lilifika lini. Kashata unanunua wewe.