Cheni ya taimingi kwenye dizeli iliyotumika: pima kwanza, fungua baadaye

Gari la dizeli likishushwa bandarini kutoka Japani, mnunuzi huuliza kwanza kilomita. Kwa cheni ya taimingi, ile inayounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu) ili zizunguke kwa kupatana, kilomita zinaeleza kidogo. Cheni inaoga ndani ya oili muda wote, na tensiona inayoikaza inasukumwa na presha ya oili hiyo hiyo. Oili ikiharibika, cheni yenye kilomita 80,000 inaweza kuwa imechoka kuliko yenye 200,000. Na hapa Unguja oili huharibika upesi kwa sababu ya safari fupi: Mwanakwerekwe hadi Darajani, zima, rudi, zima tena. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni oili na masikio. Spana zinakuja mwishoni.

Hatua ya 1: Jua kama injini yako ina cheni au mkanda

Prado, Surf na Hiace zenye injini ya 1KZ au 1KD zina mkanda, na dashibodi huwasha taa ya T-BELT muda wa kuubadilisha ukifika. Mkanda haupigi kelele kabla ya kukatika, kwa hiyo kama huna uhakika ulibadilishwa lini, ubadilishe. Zenye cheni ni Hilux na Prado za 1GD na 2GD, Navara ya YD25, Pajero ya 4M41, Mazda CX-5 ya SKYACTIV-D 2.2 na BMW 320d ya N47. Hiyo N47, hasa ya 2007 hadi 2011, ina sifa mbaya ya cheni, na cheni yenyewe imewekwa nyuma upande wa giaboksi. Kuifikia ni lazima ushushe giaboksi au injini nzima. Kama bado hujanunua, zingatia hilo kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya 2: Soma stika za Kijapani

Fungua mlango wa dereva utazame ukingo wake, kisha chini ya boneti. Mara nyingi utakuta stika ndogo ya kubadilisha oili yenye tarehe na kilomita. Mwaka ukiandikwa H27, jumlisha 1988 upate 2015. Ukiandikwa R2, jumlisha 2018 upate 2020. Stika ikisema kilomita 95,000 na dashibodi ikasema 70,000, basi dashibodi imeguswa.

Hatua ya 3: Sikiliza asubuhi, injini ikiwa baridi

Acha gari lilale usiku mzima. Asubuhi fungua boneti, mtu mwingine awashe, wewe simama upande wa kava la cheni. Mlio mfupi wa sekunde moja au mbili kisha kimya si wa kutisha: ni tensiona inajazwa oili. Unaoutafuta ni mlio kama wa njugu zinazotikiswa ndani ya kopo. Ukipita sekunde tatu, au ukisikika tena injini ikiwa moto bila kukanyaga mafuta, endelea na hatua zinazofuata na usiahirishe.

Chukua bisibisi ndefu, gusisha ncha kwenye kava la cheni na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Nguo na mikono ikae mbali na mikanda inayozunguka. Injekta hulia tik-tik kavu, juu ya kichwa cha injini. Cheni iliyolegea hukwaruza chini ya kava, na mara nyingi husikika zaidi unapoachia mafuta. Ukiwa na shaka na beringi za altaneta au puli, vua mkanda wa nje, washa kwa sekunde zisizozidi 30, kisha zima. Mlio ukipotea, cheni haina kosa.

Hatua ya 4: Oili na filta kabla ya kuilaumu cheni

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa bure, kwa hiyo nenda taratibu.

Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa juu ya alama ya kujaa ilhali hakuna aliyeongeza, dizeli imeingia. Chanzo chake ni hiki: chujio la masizi la DPF linapojisafisha, injini hunyunyiza dizeli ya ziada ili moshi uwe moto wa kutosha. Ukizima gari katikati ya kazi hiyo, sehemu ya dizeli huteremka ukutani mwa silinda hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Kijiti cha CX-5 ya dizeli kina alama ya X juu ya ile ya kujaa. Oili ikifika hapo, imwage siku hiyo hiyo. Dondosha pia tone kwenye karatasi ya tishu. Ukiona doa jeusi katikati na duara la mafuta mepesi linalosambaa mbali, kisha ukanusa dizeli, oili hiyo haina tena nguvu ya kulinda pini za cheni. Maana tunaposema cheni imevutika, chuma hakikurefuka. Pini na bushi zake zimelika, kila kiungo kidogo kidogo, na jumla yake ndiyo urefu uliozidi.

Mwaga oili injini ikiwa bado ya moto, ukiipitisha kwenye kitambaa cheupe. Vipande vya plastiki vikibaki kitambaani, reli za kuongozea cheni zimevunjika; hapo usiwashe tena mpaka sampu ishushwe na chujio la pampu ya oili lisafishwe. Kukiwa na masizi mazito tu, kagua washa za shaba chini ya injekta. Zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio hilo hilo.

Weka oili ya 5W-30 yenye maandishi ya DL-1 au ACEA C3, ambavyo ni viwango vya oili. Kwa CX-5 ni takriban lita 5.1 pamoja na filta. Filta iwe nzuri. Ndani yake mna valvu ya kuzuia oili isirudi chini usiku. Filta hafifu huacha njia zikauke, na asubuhi utasikia mlio uleule wa cheni mbovu. Kwa filta za karatasi, hakikisha oringi ndogo ya ncha ya chini haikusahaulika. Usimimine dawa ya kusafishia injini kwenye injini chakavu, kwa sababu tope litabanduka lote kwa mkupuo na kwenda kuziba pampu.

Sikiliza tena asubuhi tatu. Mlio ukiisha, umeokoa injini kwa bei ya oili na filta.

Hatua ya 5: Pima kwa kompyuta

Kodi (namba ya hitilafu inayosomwa na kompyuta) ya P0016 ina maana krenki na kamshafti hazikubaliani: mara nyingi cheni imelika au imeruka jino. P0340 na P0335 ni za sensa na waya zake. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, Nungwi, Paje au Jambiani, chomoa kwanza plagi za sensa hizo utafute kutu ya kijani. Chumvi hutoa kodi za uongo mara nyingi.

P0016 ikiambatana na mlio, mwambie fundi, "Fundi, usiiwashe tena, tuivute." Pistoni ya dizeli hupanda hadi karibu kabisa na valvu. Cheni ikiruka meno machache, valvu hupinda, na kazi ya cheni inageuka kuwa kazi ya kichwa cha injini.

Hatua ya 6: Kusanya spea zote kabla ya kufungua

Mtumie muuzaji picha ya bati la namba ya chesisi. Agiza cheni zote (YD25 ina mbili), tensiona, reli zote, gia za krenki na kamshafti, sili ya mbele ya krenki, gasketi ya kava la juu, silikoni, na bolti zote ambazo kitabu cha injini kinasema zitumike mara moja tu. Subiri hadi mzigo wote wa Dar ufike kwa boti ndipo ufungue. Kubadilisha tensiona peke yake ni kuuficha ugonjwa. Gia nazo zitazame: jino lililopinda kama pezi la papa litaila cheni mpya.

Hatua ya 7: Kufunga

Chomoa waya hasi wa betri. Funga krenki na kamshafti kwa pini zake, pistoni ya silinda ya kwanza ikiwa juu. Usilegeze bolti ya puli kwa kupiga stata. Vaa cheni ukilinganisha viungo vya rangi na alama za gia, kaza reli kwa torki (nguvu ya kukaza) ya kitabu cha injini hiyo, kisha ndipo uchomoe pini ya tensiona.

Toa pini za krenki na kamshafti, kisha zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, kwa uelekeo wa injini tu. Ikigota, simama utafute kosa, usilazimishe. Baada ya mizunguko hiyo alama za gia zirudi mahali pake, lakini viungo vya rangi havitarudi. Ni kawaida, usifungue upya kwa ajili hiyo.

Silikoni iwe mstari mwembamba wa milimita 3 hivi. Ikizidi, hudondokea ndani ya sampu. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu. Rudisha waya wa betri, jaza oili, chomoa plagi ya sensa ya krenki ili injekta zisifyatue, piga stata sekunde 10 kwa 10 hadi taa ya oili izime. Kisha rudisha plagi, washa, futa kodi.

Baada ya hapo

Badilisha oili kila kilomita 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Mara moja kwa wiki lipe gari safari ndefu bila kuzima: mjini hadi Nungwi, au kwa Pemba, Mkoani hadi Wete. Feni ikivuma na injini ikizunguka juu kidogo wakati umeshafika, DPF bado inajisafisha. Endelea kuendesha dakika kadhaa hadi itulie ndipo uzime, na kesho yake asubuhi tazama kijiti.