Ghuba ya Ha Long kwa siku moja: visa, njia na maji

Tangazo la safari ya siku moja Ha Long huuza boti: sitaha ya juu, viti vya kuotea jua, chakula cha mchana, pengine na beseni la maji moto. Boti si jambo la kwanza la kuuliza. Unachonunua hasa ni saa za majini na njia ambayo nahodha ameruhusiwa kupita, na vyote viwili huwa vimeshaamuliwa kabla hujakanyaga gati.

Ghuba yenyewe iko kaskazini mwa Vietnam, mkoa wa Quang Ninh, kama kilomita 160 mashariki mwa Hanoi. Ina visiwa karibu 2,000, vingi vyao majabali ya chokaa yaliyosimama wima majini, bila mtu na bila ufuo. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994, na mwaka 2023 eneo likapanuliwa hadi visiwa vya Cat Ba, upande wa Hai Phong. Aliyewahi kuingia mapango ya Amboni pale Tanga atalitambua jiwe. Tofauti ni kwamba hapa bahari ilipanda ikafunika mabonde, vilele vikabaki kuwa visiwa.

Kinachohesabiwa ni pasipoti, si kadi ya ukaazi

Wengi wanaoishi Ulaya hudhani kadi ya ukaazi ya Ujerumani au hadhi ya ukaazi ya Uingereza inafungua mlango wa Vietnam. Haifungui. Raia wa Uingereza, Ujerumani, Ufaransa au Italia huingia kwa siku 45 bila visa. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa, hata kama amekaa Berlin miaka ishirini. Waliochukua uraia wa Marekani au Kanada nao waombe.

Tangu Agosti 2023 visa ya mtandaoni iko wazi kwa raia wa nchi zote. Hudumu hadi siku 90, na ada yake ni dola 25 kwa kuingia mara moja au dola 50 kwa kuingia mara nyingi. Ombea kwenye tovuti ya serikali, ambayo anwani yake huishia na .gov.vn. Tovuti nyingine zenye bendera na nembo ni za mawakala wanaoongeza chao juu. Ukikataliwa, ada hairudi. Kwa maandishi jibu hutoka ndani ya siku tatu za kazi, lakini jipe wiki tatu, na usiache ombi liangukie Tet, mwaka mpya wao wa Januari au Februari, maana ofisi hufungwa kwa siku kadhaa mfululizo.

Makosa yanayorudisha watu kwenye kaunta ya ndege ni madogo madogo. La kwanza ni majina. Mkenya mwenye majina matatu huandika mawili aliyozoea kwenye tiketi, na visa ikatoka hailingani na pasipoti. Nakili majina yote kama yalivyo kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha. La pili ni tarehe ya kuzaliwa iliyogeuzwa, mwezi ukaandikwa mahali pa siku. La tatu ni tarehe ya kuingia: ukifika saa tano usiku wa kuamkia siku ya visa, bado hujaruhusiwa. Kwenye kituo cha kuingilia chagua Noi Bai, ndio uwanja wa Hanoi.

Halafu fikiria kurudi, kwa sababu hapo ndipo mgeni wa ugenini huumia zaidi. Mfanyakazi wa Saudia mwenye iqama, kadi ya ukaazi ya huko, lazima awe na kibali cha kutoka na kurudi kabla ya kupanda ndege. Mwanafunzi wa Marekani mwenye visa ya F-1 aangalie kama sahihi ya safari kwenye fomu yake ya I-20 haijapita miezi 12. Aliye Ujerumani na karatasi ya muda ya kusubiri kibali, ile wanayoiita Fiktionsbescheinigung, asome imetolewa chini ya kifungu kipi: ya kifungu cha 81 ibara ya 4 humrudisha, ya ibara ya 3 haimrudishi.

Saa za majini

Safari ya kawaida kutoka Hanoi huenda hivi. Gari dogo linakuchukua hotelini kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi. Barabara ya kasi kupita Hai Phong huchukua saa mbili na nusu, na katikati mtasimamishwa nusu saa kwenye duka kubwa la lulu na vinyago, mtake msitake. Boti inang'oa nanga kama saa sita mchana na kurudi saa kumi au saa kumi na mbili jioni. Hanoi mnafika saa tatu usiku. Kati ya saa kumi na tatu ulizolipia, za majini ni nne hadi sita, na sehemu ya hizo inaliwa na chakula.

Njia nzuri zaidi ni kulala Bai Chay au Tuan Chau, penye magati ya boti, usiku uliotangulia na kupanda boti ya asubuhi ukiwa umeshiba usingizi. Mabasi madogo kutoka Hanoi ni mengi na vyumba si ghali. Lakini uliza jina la gati kabla ya kulipia chumba. Gati la Tuan Chau na lile la kimataifa la Bai Chay yako mbali kiasi cha kuhitaji teksi, na boti haimsubiri aliyekosea.

Bei ya siku moja kutoka Hanoi kwa kawaida ni kati ya dola 40 na 80. Chini ya hapo, kuna kitu kimekatwa: tiketi ya ghuba, kayaki, au saa. Kabla ya kulipa taka majibu kwa maandishi: njia namba ngapi, gati gani, boti inaondoka na kurudi saa ngapi, tiketi na kayaki vimo ndani ya bei, na pesa zinarudi vipi bandari ikifungwa. Taka pia jina la boti na namba yake ya usajili, ambayo kwa boti za Quang Ninh huanza na QN. Ulaghai uliozoeleka ni kuonyeshwa picha za boti moja na kupandishwa nyingine. Ukilipa kwa kadi una pa kushika, ukilipa taslimu kwa wakala wa barabarani huna.

Njia ipi

Boti za siku moja hufuata njia zilizowekwa. Njia ya Kwanza ni fupi, kama saa nne: mapango ya Thien Cung na Dau Go, na yale mawe mawili ya Trong Mai yanayofanana na jogoo na tetea. Njia ya Pili huchukua kama saa sita na inafika Sung Sot, Luon na Titop. Kama una siku moja tu, chukua ya Pili. Ya Kwanza iko karibu na mji, kwa hiyo kila boti fupi imejazana huko.

Sung Sot liko kisiwa cha Bo Hon. Wafaransa waliliona mwaka 1901 wakaliita pango la mshangao, na jina la Kivietinamu lina maana hiyohiyo. Unapanda ngazi za mawe kwanza, kisha njia ya karibu mita 500 inapita kumbi zinazozidi kupanuka. Halikuchimbwa na mawimbi: ni maji ya ardhini yaliyolila jiwe zama za kale, ndiyo maana mlango wake uko juu ya bahari. Mawe yanayoning'inia darini hukua kwa tone la maji yenye chokaa, na mafuta ya kiganja hulizuia tone kushika. Usiyaguse.

Jambo la kujua kwa waliokuja na wazazi: Sung Sot huingiliwa upande mmoja na kutokea mwingine. Mama mwenye magoti mabovu akichoka katikati hawezi kugeuka kirahisi dhidi ya umati, na ndani hakuna choo. Pango huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Abaki botini, na mabaharia waambiwe mapema. Kandambili ziachwe pia, ngazi zinatiririka maji. Viatu vyenye mkanda nyuma ya kisigino vinatosha.

Titop ni kisiwa chenye ufuo mdogo na ngazi zaidi ya 400 hadi kileleni. Kilipewa jina la Gherman Titov, mwanaanga wa Kisovieti aliyefika hapo na Ho Chi Minh mwaka 1962. Utapewa dakika 45 au saa moja, muda usiotosha kupanda na kuogelea. Panda. Maji ya ufuo ule ni ya kawaida, tena kwa mtu wa Diani au Nungwi ni ya kusikitisha, lakini kutoka juu ndipo ghuba inapoonekana ilivyo. Kuogelea kwenyewe kunaruhusiwa sehemu zilizotengwa tu, si popote boti ilipotia nanga.

Umati ukikukera, tazama Lan Ha, upande wa Cat Ba. Ni jabali lilelile na ghuba ileile kwa macho, ila boti ni chache na kuna pango la kupita kwa kayaki liitwalo Hang Sang Toi. Usitegemee kuziona Lan Ha na Sung Sot katika siku moja.

Luon na maji yanayojaa mara moja

Luon ni pango la aina nyingine: tundu la mita 60 hivi chini ya jabali, ambalo hupitwa kwa kayaki ya watu wawili au mtumbwi wa kupigiwa makasia, na kutokea kwenye ziwa dogo la maji matulivu lililozungukwa na kuta. Hapa maji ndiyo yenye amri.

Mtu wa pwani, Lamu hadi Mtwara, amezoea maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Ha Long, siku nyingi, maji hujaa mara moja na kupwa mara moja tu, na siku za maji makubwa tofauti hufika mita 3 hadi 4. Wala hesabu yetu ya bamvua, ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, haifuatwi kule: maji makubwa hutegemea mwezi umesogea kiasi gani kaskazini au kusini mwa ikweta. Tafuta jedwali la maji la Hon Gai, bandari ya ghuba hii, kwa tarehe yako. Yakiwa yamejaa sana, dari linashuka hadi kichwani na kayaki huweza kuzuiwa. Yakiwa yamekupwa, kuta zinaacha wazi chaza wenye makali kama wembe, na mkono ulioshika jiwe ili kusukuma kayaki hutoka na damu. Sukuma kwa kasia. Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji na mfuko ufungwe kwenye jaketi, kwa sababu kayaki hupinduka zaidi wakati wa kupanda na kushuka kuliko njiani.

Miezi na dhoruba

Oktoba hadi Desemba anga ni safi na bahari imetulia. Januari hadi Machi ni baridi, nyuzijoto kama 15, na kuna manyunyu na ukungu unaofuta visiwa vya mbali. Msimu uleule wa kaskazi unaoleta joto Mombasa huleta sweta huku. Juni hadi Septemba ni joto kali, ngurumo za alasiri na tufani. Tufani Yagi ya Septemba 2024 ilizamisha boti nyingi za ghuba hii zikiwa zimefungwa.

Tarehe 19 Julai 2025 boti ya watalii yenye watu 49 ilipinduliwa humu na dhoruba ya ghafla, wakafa zaidi ya watu 30. Kwa hiyo miezi hiyo chagua boti ya asubuhi. Jaketi la kujiokolea livaliwe wingu jeusi linapoonekana, lisikaliwe kama mto. Kumbuka pia kwamba ndani ya chumba kilichopinduka jaketi la sponji hukubana darini, kwa hiyo kaa karibu na mlango, na mabaharia wakiruhusu, nenda sitahani mapema.

Bandari ikikataza boti kutoka, hakuna kampuni inayoweza kubisha. Ndiyo maana Ha Long iwekwe mwanzoni mwa siku zako za Hanoi. Ikiwa siku ya mwisho, huna siku ya kuhamishia.

Chakula, sala na noti

Mezani kuna samaki, kamba na ngisi, lakini sambusa zao za kukunja, nem, kwa kawaida zina nyama ya nguruwe, na mboga huweza kukaangwa kwa mafuta yake. Andika unapolipia, kisha mwonyeshe mpishi: "Tôi không ăn thịt lợn, không mỡ lợn", yaani sili nguruwe wala mafuta ya nguruwe. Neno "chay" ni chakula kisicho na nyama. Adhuhuri itakukuta majini. Kibla ni magharibi, ikipinda kidogo kaskazini. Hanoi kuna msikiti wa Al-Noor, mtaa wa Hang Luoc, ndani ya mji wa kale.

Beba chupa ya kujaza maji, kwa kuwa tangu 2019 plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku kwenye boti za ghuba.

Pesa ni dong, na sifuri zake huchanganya. Noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu, na jioni gizani mtu humpa mpiga makasia ya pili akidhani ni ya kwanza: karibu dola 20 badala ya senti 80. Tenga noti ndogo mfuko wake. Ile nyekundu ya 200,000, ukipita Njia ya Kwanza, igeuze utazame nyuma: kisiwa kilichochorwa ni Dinh Huong, chetezo cha ubani, na manahodha wengi hupunguza mwendo hapo ili watu wailinganishe.