Somo: Namna ya kufunga hita ya kuogea isiyo na tangi

Kila baridi inapoingia Arusha, Mbeya na Njombe, maswali yaleyale kuhusu hita za kuogea hurudi, na majibu hutawanyika kiasi kwamba anayeyahitaji hayaoni. Nimeyaweka yote hapa, ili atakayeuliza tena aelekezwe huku. Ninazungumzia hita ndogo ya umeme inayofungwa mahali pa kichwa cha shawa, ambayo hupasha maji wakati yanapopita. Upande wa bomba unaweza kuufanya mwenyewe, lakini upande wa umeme ni wa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Ninaueleza ili ujue cha kumdai na cha kukagua kabla hujamlipa.

Hatua ya 1: Chagua hita. Soma kibandiko chake, kwa sababu wati ndizo zinazoamua kila kitu kinachofuata. Hita ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 huvuta takriban ampea 24, na ya wati 7,500 huvuta karibu ampea 33. Uliza pia kama elimenti yake, yaani sehemu inayopasha maji, ni waya ulio wazi ndani ya maji au imefunikwa kwa mrija wa chuma. Nunua iliyofunikwa, hata kama bei yake ni kubwa zaidi. Sababu iko katika hatua ya 5.

Hatua ya 2: Pima kimo cha tangi. Hita nyingi za aina hii zinahitaji kitako cha tangi kiwe angalau mita moja juu ya shawa.

Hatua ya 3: Zima mein swichi, kisha hakikisha kwa tesita kwamba umeme haupo.

Hatua ya 4: Hita iwe na njia yake peke yake kutoka kwenye sanduku la breka, isichangie na taa wala soketi. Kwa wati 5,500 ninapendekeza waya wa milimita 6 za mraba, breka ya ampea 32, na swichi ya ampea 45 inayokata nyaya zote mbili, wa moto na nyutro (unaorudisha umeme), ikiwekwa nje ya bafu. Kwa wati 7,500 breka ya 32 haitoshi. Fundi akokotoe kwa breka ya 40 na waya wa milimita 10.

Hatua ya 5: Ethi (waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja) na breka ya mvujo. Hapa ndipo watu wanapopoteza maisha, kwa hiyo soma taratibu. Nyumba zetu nyingi hutegemea nondo ya ethi iliyozikwa nje, na wengi huamini kwamba nondo hiyo peke yake itaangusha breka hitilafu ikitokea. Chukua mfano wa nondo ambayo ukinzani wake na udongo ni omu 50, jambo linalowezekana kabisa kwenye udongo mkavu au wa mawe: volti 230 zikipita humo zitasukuma ampea 4.6 tu, na breka ya ampea 32 itaendelea kukaa kana kwamba hakuna kilichotokea, huku wewe ukiwa umesimama chini ya maji. Ndiyo maana lazima pawe na breka ya mvujo ya miliampea 30, ile yenye kitufe cha kujaribia, ambayo hukata mara umeme unaotoka usipolingana na unaorudi. Sasa ile elimenti iliyo wazi hugusana na maji moja kwa moja, na huweza kuvujisha umeme kidogo hata ikiwa nzima. Breka ya mvujo huanguka mara kwa mara, na fundi asiyejali huiondoa ili mteja aache kulalamika. Usikubali iondolewe. Kinachopaswa kubadilishwa ni hita. Fundi apime nondo kwa kipimo chake, nawe ubonyeze kitufe cha jaribio kila mwezi; kisipokata umeme, usioge hapo mpaka breka ibadilishwe.

Hatua ya 6: Fungua koki na uache maji yatoe mchanga kwenye bomba kabla hujafunga hita. Zungusha tepu ya bomba kwenye nyuzi, kisha kaza kwa mkono, maana mwili wa hita ni plastiki na spana huupasua. Koki iwe kabla ya hita. Usiweke koki yoyote baada yake.

Hatua ya 7: Nyaya za hita na za ukutani ziungwe kwa konekta ya kauri iliyokazwa barabara. Kuzisokota na kuzifunga kwa tepu nyeusi hakufai kwa ampea 24: kiungo kilicholegea hupata joto, tepu huyeyuka, na moto huanzia juu ya dari ambako hakuna anayeuona.

Hatua ya 8: Maji kwanza, umeme baadaye. Hita huwashwa na kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji. Maji yanapoingia mara ya kwanza huwa yamechanganyika na hewa, na yanaweza kukisukuma kiwambo kabla elimenti haijafunikwa. Umeme ukiwapo, elimenti huungua papo hapo. Acha maji yatiririke walau dakika moja bila umeme, mpaka yatoke mfululizo bila kukohoa. Fanya hivyo pia kila tangi linapokauka.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mkuu, nitumie waya wa milimita ngapi? Nina 2.5 uliobaki.

Jibu: Hatua ya 4. Waya wa 2.5 haufai, hata kwa umbali mfupi.

Swali: Hita yangu haina ethi. Fundi aliunganisha ule waya wa kijani kwenye nyutro, na mwaka unakwisha hakuna aliyepigwa shoti. Mnatutisha bure.

Jibu: Sikutishi, ndugu yangu. Nyutro ikikatika au ikilegea nyuma ya kiungo hicho, umeme utapita kwenye elimenti, utarudi kupitia waya wa kijani, na maji yatakuwa na volti zilezile za ukutani. Usalama wa mwaka mzima umetegemea skrubu moja kutolegea. Izime leo na urekebishe.

Swali: Nimeona nikipunguza koki maji yanakuwa ya moto zaidi, nikiifungua yote yanakuwa vuguvugu. Je, ni kasoro?

Jibu: Hapana, dada, na umetazama vizuri. Hita hutoa joto kwa kiwango kilekile. Kinachobadilika ni wingi wa maji yanayoligawana. Kwa wati 5,500, lita 3 kwa dakika hupanda takriban digrii 26, na lita 5 hupanda digrii 16 hivi. Maji ya tangi yakiwa digrii 18, utapata 44 au 34. Kinga ndoo kwa dakika moja ujue unatumia lita ngapi. Ukipunguza kupita kiasi, kiwambo hurudi na maji huwa ya baridi ghafla. Hilo nalo si kasoro. Kuhusu kitufe cha kuchagua joto, fuata kitabu chake, kwa sababu hita nyingi hutaka maji yafungwe kwanza.

Swali: Asante sana. Na umeme wa LUKU, wa kulipia kabla, utakwenda kiasi gani? Tuko watu wanne.

Jibu: Dakika kumi kila mmoja ni dakika 40, mara kilowati 5.5, sawa na uniti 3.7 hivi kwa siku. Kila mtu akipunguza dakika tatu, mtabaki na uniti 2.6.

Swali: Huku Dodoma maji ya kisima yana chumvi.

Jibu: Nunua iliyoandikwa kwamba inafaa maji ya chumvi, kwa kuwa maji hayo hupitisha umeme kwa urahisi na hula chuma haraka. Sahani ya matundu ikiziba, ifungue uiloweke kwenye siki usiku kucha, kisha isugue kwa mswaki. Usitoboe matundu kwa sindano.

Swali: Jioni maji hayachemki kama asubuhi. Elimenti imechoka?

Jibu: Pima volti kwanza. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, hita ya wati 5,500 hutoa kama wati 4,160 tu, yaani robo ya joto imepotea bila elimenti kuwa na tatizo. Mwombe fundi apime mahali pawili wakati hita inafanya kazi, kwenye sanduku la breka na kwenye swichi ya bafu. Volti zikiwa chini kote, tatizo linatoka nje ya nyumba. Zikiwa nzuri kwenye sanduku lakini zimeshuka sana bafuni, waya ni mwembamba au kuna kiungo kilicholegea. Zima hita mpaka kipatikane, na aanze kukitafuta juu ya dari.