Kupanga Themostati kwa Familia ya Zamu za Usiku

Bili ya kwanza ya Januari huwashtua wageni wengi waliohamia Minnesota na Ohio, majimbo ya Marekani yenye baridi. Nyumba ilikuwa na joto, watoto walilala vizuri, kisha inakuja karatasi ya kampuni ya gesi na baba anaanza kupita chumba kwa chumba akizima taa. Taa hazina kosa kubwa. Katika nyumba za Marekani, takriban nusu ya nishati yote huenda kwenye kupasha na kupoza nyumba, na kazi hiyo inaongozwa na kile kisanduku kidogo cha ukutani: themostati.

Nyingi siku hizi zinaweza kupangiwa ratiba. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa ukishusha joto kwa nyuzi 7 hadi 10 za Fahrenheit kwa saa 8 kila siku, unaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama za kupasha na kupoza nyumba kwa mwaka. Hakuna cha kununua, na hakuna haja ya kukaa sebuleni na koti.

Lakini ratiba ya nani? Hapo ndipo familia zetu zinapopotezea pesa. Themostati nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na ratiba ya mtu wa ofisini: saa 12 asubuhi ameamka, nyuzi 70, saa 2 asubuhi ametoka, nyuzi 62, saa 12 jioni amerudi, 70 tena, saa 4 usiku amelala, 62. Sasa mchukue dada anayetunza wazee kwa zamu ya usiku. Anafika nyumbani saa mbili kasoro, anaoga, anaingia kitandani, na muda huohuo kifaa kinashusha joto kwa kuwa kimeambiwa nyumba haina mtu. Anaamka saa tano anatetemeka, anakwenda ukutani, anapandisha hadi 74 na kubonyeza kitufe cha "Hold". Kuanzia hapo ratiba imekufa. Kifaa kitashikilia 74 usiku na mchana hadi mtu aiondoe ile "Hold", na mara nyingi hakuna anayeikumbuka hadi Machi. Si jambo la wageni peke yao. Mpango wa serikali wa ENERGY STAR, unaotambulisha vifaa vinavyookoa nishati, uliacha kuzipa nembo yake themostati za ratiba mwishoni mwa 2009, kwa kuwa akiba iliyotarajiwa haikuonekana majumbani.

Kwa hiyo, kabla hujagusa kitufe chochote, kaeni pamoja na karatasi ya zamu za wiki. Tafuteni saa ambazo nyumba haina mtu kabisa, na saa ambazo wote mmelala. Hizo ndizo za kushusha, na nyinginezo ziacheni. Mkiwa macho, nyuzi 68, yaani kama 20 za Selsiasi, zinatosha kwa watu wengi wenye soksi na sweta. Waliolala chini ya blanketi zito wanaweza kuvumilia 62. Ukihisi baridi siku moja, bonyeza mshale wa juu tu bila "Hold": kwenye themostati nyingi badiliko hilo hudumu hadi kipindi kinachofuata, kisha ratiba inaendelea. Na unapoingiza muda, kumbuka saa mbili asubuhi ni 8:00 AM. Kosa dogo la AM na PM linageuza usiku kuwa mchana.

Kama bibi amekuja kuwatembelea, au kuna mtoto mchanga, usishushe chini ya 68 hata usiku. Mzee anaweza kupoteza joto la mwili hatari kabisa ndani ya nyumba ambayo kijana anaiona ina baridi ya kawaida tu. Akiba hiyo haina thamani ya kumhatarisha mama yako.

Wengi husema kwamba kuipasha nyumba upya kunakula akiba yote. Si kweli. Joto hutoroka kama maji kwenye mtungi uliotoboka chini: yakiwa mengi yanachuruzika kwa nguvu, yakipungua na kasi inapungua. Nyumba ikipoa, inapoteza joto kidogo kwa kila saa, na hicho ambacho hakikupotea ndiyo pesa yako. Vilevile, kuweka 85 hakupashi nyumba haraka zaidi. Hita nyingi za gesi zina nguvu ileile muda wote zinapowaka.

Tofauti ni nyumba zenye pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje na kuliingiza ndani. Ukiishusha sana kisha ukaipandisha ghafla, inaweza kuita hita ya umeme ya akiba, ambayo ni ghali. Iache kwenye nyuzi zilezile muda wote, au tumia themostati iliyotengenezwa kwa ajili yake. Na mnaporudi nyumbani Afrika kwa Krismasi, msizime joto kabisa: acheni 55, la sivyo mabomba ya maji yanaweza kuganda na kupasuka.

Jambo moja nawaomba kwa moyo wote. Joto likikatika, usiingize jiko la mkaa ndani, wala usiwashe oveni ya gesi ili kupasha chumba. Kaboni monoksidi haina harufu, na kwenye nyumba zilizozibwa vizuri kwa ajili ya baridi inaua familia nzima usingizini.

Bili ikizidi uwezo wako, kuna LIHEAP, mpango wa serikali kuu wa kusaidia gharama za joto. Omba mapema, kwa sababu fedha zake huisha. Ukiwa Minnesota, sheria inakulinda usikatiwe joto kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, mradi uwasiliane na kampuni, mkubaliane mpango wa malipo na uushike. Piga simu 211, namba ya kuulizia huduma za msaada, uliza ofisi ya karibu nawe, na omba mkalimani wa Kiswahili.