Kuangalia koronari kwa eko thietani: hatua ninazofuata baada ya operesheni ya Jatene

Daktari mmoja kijana anayejifunza eko (picha ya moyo kwa ultrasaundi) ya watoto aliniuliza hivi majuzi, tukiwa thietani, "Dokta, rangi nimeiona kwenye koronari. Niseme iko sawa?" Nikamjibu bado. Koronari ndiyo mishipa inayolisha misuli ya moyo, na rangi ni alama ya eko ya damu inayotembea. Rangi inaweza kuonekana na misuli ya moyo ikawa haipati damu ya kutosha. Nilimweleza kwa haraka kwa sababu mtoto alikuwa mezani, kwa hiyo maelezo kamili nayaandika hapa.

Nitatumia mfano wa operesheni ya Jatene. Mtoto amezaliwa mishipa mikuu ikiwa imebadilishana nafasi: aota (mshipa mkuu wa kupeleka damu mwilini) inatoka ventrikali, yaani chemba ya kusukuma damu, ya kulia, ateri ya mapafu inatoka ya kushoto. Operesheni inairudisha kila mmoja mahali pake. Mpasuaji Adib Jatene ndiye aliyefanikisha operesheni hii mara ya kwanza, São Paulo, Brazili, mwaka 1975, na mpaka leo inasimama au kuanguka kwenye koronari. Mpasuaji anazikata pamoja na kipande kidogo cha ukuta wa aota (sisi tunakiita kifungo) na kuzishona upya kwenye aota mpya. Kwa kichanga ni mishipa ya milimita moja hadi mbili. Ikipinda, ikivutika au ikibanwa, ventrikali ya kushoto inaishiwa nguvu palepale. Tatizo likionekana kifua kikiwa wazi, nyuzi zinafumuliwa na kushonwa upya.

Ninachukulia kwamba eko ya kawaida ya watoto unaijua.

Hatua ya 1: Ijue ramani kabla ya kuingia

Soma ripoti ya eko ya kabla ya operesheni, kisha ongea na mpasuaji. Takriban theluthi mbili ya watoto hawa wana mpangilio wa kawaida: koronari ya kushoto inagawanyika tawi la mbele na tawi la mzunguko, ya kulia inatoka mdomo wake. Wanaobaki ndio wa kuangalia kwa makini, hasa wenye koronari moja tu, au wenye koronari inayopita ndani ya ukuta wa aota. Ukiujua mpangilio, unajua utafute wapi.

Hatua ya 2: Chagua probu (kichwa cha mashine kinachotoa ultrasaundi)

Mimi ni mtu wa probu ya juu ya moyo, yaani inayowekwa moja kwa moja juu ya moyo kifua kikiwa wazi, na sifichi upendeleo huo. Probu ya umio ni nzuri kwa vali na kwa mwendo wa kuta, lakini kwa kichanga wa kilo tatu au pungufu inaweza kubana njia ya hewa au mishipa iliyo nyuma ya moyo, na koronari za mbele inaziona kwa shida. Ikiwezekana, kuwa nazo zote mbili: ya umio kwa kuta, ya juu ya moyo kwa koronari.

Chukua yenye masafa ya juu, megahezi 8 hadi 12. Ile bapa ndogo yenye umbo la gongo la hoki ni tamu sana kwa kazi hii kama ipo.

Kuna pia kifaa cha kupima mtiririko kwa kuuzungushia mshipa pete ndogo ya ultrasaundi. Kwa watu wazima wanaopandikizwa mishipa ya moyo kinafanya kazi vizuri mno. Kwa kichanga sikitaki. Ili kuivisha pete lazima uichimbue na kuizunguka koronari iliyotoka kushonwa dakika chache zilizopita, na hapo kipimo chenyewe kinaweza kuleta madhara.

Hatua ya 3: Ivishe probu

Jeli ndani ya mfuko safi wa thieta, toa mapovu yote, funga. Nje, mpasuaji amwage maji ya chumvi yenye uvuguvugu juu ya moyo. Yakiwa baridi, moyo unaweza kuanza kupiga ovyo.

Hatua ya 4: Panga mashine kabla hujaitwa

Skeli ya rangi, yaani kiwango cha Nyquist (kasi ya juu ambayo rangi inaionyesha bila kuchanganyika), anza na sentimita 20 hadi 30 kwa sekunde. Ukiiacha kwenye 60 ulizotumia kwa vali, koronari itaonekana nyeusi kama imeziba. Filta ya ukuta chini, kisanduku cha rangi kidogo iwezekanavyo ili fremu ziwe nyingi, dirisha la sampuli la dopla (kipimo cha kasi ya damu) milimita 1 hadi 2, kasi ya karatasi milimita 100 kwa sekunde. ECG, mchoro wa umeme wa moyo, lazima iwe kwenye skrini yako. Bila ECG hutajua ipi sistoli (moyo ukibana) na ipi dayastoli (moyo ukilegea) kwa moyo unaopiga mara 160 kwa dakika.

Hatua ya 5: Piga picha ya mwanzo

Kabla ya kuingia kwenye pampu, mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa operesheni. Dakika mbili zinatosha, na picha hiyo utaihitaji baadaye kwa kulinganisha.

Hatua ya 6: Baada ya kutoka kwenye pampu

Hapa ndipo watu wanapotea, kwa hiyo nitakaa.

Kwanza, muda. Angalia kabla ya protamini (dawa ya kufuta heparini) kuanza. Mirija ya pampu ikiwa bado ndani na heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) ikiwa bado inafanya kazi, kurudi kwenye pampu ni neno moja tu. Baada ya hapo ni mlima mwingine. Mwambie daktari wa usingizi mapema kwamba unahitaji nafasi hiyo, la sivyo protamini itaanza huku wewe ukihangaika na mfuko wa probu.

Pili, shinikizo. Muulize daktari wa usingizi shinikizo la damu ni ngapi na uliandike juu ya picha. Koronari ya kushoto inajazwa zaidi wakati wa dayastoli, moyo ukiwa umelegea. Shinikizo likiwa chini, mtiririko utakuwa hafifu hata kwenye koronari iliyoshonwa vizuri kabisa. Usimhukumu mpasuaji kwa picha ya shinikizo baya. Kinyume chake pia kipo: moyo ambao bado haujajazwa unaweza kukupa picha nzuri, halafu ukijazwa koronari ikajikunja kama mpira wa maji uliokanyagwa. Kwa hiyo angalia moyo ukiwa umejaa kama utakavyokuwa ICU, na pampu imesimama kabisa.

Tatu, mkono wa mpasuaji. Yeye ndiye anayeshika probu, wewe unamwelekeza. Akikandamiza, anaweza kuifunga koronari yenyewe, na wote mtashtuka kwa kitu mlichokisababisha. Mwambie ailegeze mpaka probu ielee juu ya maji. Na kisu cha umeme kizimwe, maana kikiwaka picha na ECG vyote vinavurugika.

Sasa picha yenyewe. Kutokana na mbinu ya Lecompte, iliyochapishwa mwaka 1981, ateri ya mapafu sasa iko mbele ya aota. Maana yake unaangalia kupitia ndani yake: weka probu juu ya ateri ya mapafu, tafuta aota mpya chini yake kwa mkato wa mviringo, kisha zunguka taratibu mpaka uone mdomo wa kila koronari. Usianzie katikati ya tawi. Anzia mdomoni, uone rangi ikitoka ndani ya aota, ikivuka mstari wa nyuzi, ikiingia kwenye mshipa, kisha ifuate mpaka kwenye mgawanyiko. Ukianzia katikati unaweza kuona tawi la mbele limejaa rangi kumbe linalishwa kutoka upande wa pili.

Mtego mkubwa kuliko yote ni vena. Vena kubwa ya moyo inapanda sambamba na tawi la mbele, kwenye mfereji uleule, damu yake ikienda upande ulio kinyume. Ukiikamata hiyo utaona rangi "inayorudi nyuma" na utatangaza kwamba koronari imeziba. Tazama ECG kabla hujafungua mdomo. Damu ya vena inatiririka zaidi wakati wa sistoli. Ya koronari ya kushoto, wakati wa dayastoli. Kisha ufuate mshipa kuelekea juu: koronari inakufikisha kwenye aota, vena inakuacha njiani na kupinda kwenda nyuma ya moyo. Mtiririko wa kurudi nyuma wa kweli upo, mfano kwa watoto ambao koronari yao ya kushoto imetoka kwenye ateri ya mapafu, kabla hawajarekebishwa. Baada ya Jatene, ukiuona na una hakika si vena, simamisha kila kitu.

Rangi ya mchanganyiko, madoadoa ya manjano na kijani, si lazima iwe ubaya. Skeli ikiwa 20, hata mtiririko wa kawaida utachanganyika. Ipandishe hadi 50 au 60. Madoadoa yakipotea, ilikuwa skeli. Yakibaki sehemu ileile moja, karibu na mdomo, hapo pamebana.

Hatua ya 7: Dopla

Weka dirisha ndani ya mshipa, milimita chache baada ya mdomo. Unatafuta wimbi linalotawaliwa na dayastoli, lenye mwelekeo mmoja, linalojirudia kila pigo. Koronari ya kulia ina sehemu kubwa zaidi ya sistoli, usiitafsiri kwa kanuni za kushoto.

Pembe kati ya mwale wa probu na mtiririko wa damu ikizidi nyuzi 60, acha namba. Kwenye nyuzi 60 kasi unayosoma ni nusu ya kasi halisi. Mimi namba siziamini sana hapa. Naamini umbo la wimbi, mwelekeo wake, na tofauti yake na picha ya Hatua ya 5.

Hatua ya 8: Ukiona tatizo, anza na vya bei rahisi

Kabla ya kumwambia mpasuaji afumue nyuzi, pitia haya. Je, kuna gozi (kitambaa cha kufyonza damu) au vizuia damu vilivyosokomezwa nyuma ya ateri ya mapafu? Vitolewe, uangalie tena. Je, ateri ya mapafu iliyojaa ndiyo inayobana? Mpasuaji aiinue kidogo kwa koleo wakati wewe unatazama rangi. Ikirudi, jibu mmelipata. Je, ni hewa? Utaona vimulimuli vyeupe ndani ya ventrikali, ST (sehemu ya wimbi la ECG) imepanda, ukuta umelegea ghafla. Mwendesha pampu na daktari wa usingizi wapandishe shinikizo, msubiri dakika kadhaa. Hewa hupita. Mshipa uliojikunja haupiti.

Kisha linganisha na kuta. Ventrikali nzima ikiwa dhaifu kwa usawa, huenda ni uchovu wa muda mrefu bila damu wakati wa operesheni, au, kama ilivyo kwa wengi wanaotufikia wakiwa wamechelewa, ventrikali iliyozoea shinikizo dogo la mapafu. Udhaifu ukifuata mipaka ya koronari moja, au vali ya mitrali ikianza kuvuja wakati haikuwa ikivuja, tuhuma zote ziende kwenye koronari hiyo.

Mwambie mpasuaji kwa sentensi anayoweza kuifanyia kazi. "Mtiririko si mzuri" haimsaidii. "Kushoto, pamebana mdomoni, wimbi la dayastoli limepungua ukilinganisha na mwanzo, ukuta wa mbele hausogei" inamsaidia.

Hatua ya 9: Kifua kikifungwa

Rudia, sasa kwa probu ya umio au kwa kupitia kifuani. Mifupa ikikutana, moyo unasogea na ateri ya mapafu inashuka juu ya koronari. Angalia kuta kwanza, kisha ST, kisha koronari kama dirisha linaruhusu. Vikibadilika kwa pamoja, nyuzi za kifua zifunguliwe na uangalie tena kabla mtoto hajasogezwa kitandani. Kwenye fomu ya kukabidhi ICU andika shinikizo lilikuwa ngapi ulipopiga picha ya mwisho, maana mtu wa zamu ya usiku atapiga ya kwake na atataka kujua analinganisha na nini.